Mama Bahasha wa Chumba cha Mwisho

Shangazi yangu alikuwa na kazi ambayo hata mumewe hakujua namna ya kuieleza kwa watu. Aliajiriwa chuo kikuu, katika idara ya saikolojia, na barua yake ya ajira ilisema "mtunza vifaa". Lakini kazi yenyewe ilikuwa kuchanga kadi, kuzitia kwenye bahasha, kuziziba kwa lakiri, na kuhakikisha kwamba hakuna binadamu, yeye mwenyewe akiwemo, anayejua kadi gani imo katika bahasha gani. Chuo kizima kilimwita Mama Bahasha, naye akaitika, kwa sababu alisema amewahi kuitwa mabaya zaidi.

Bosi wake tutamwita Daktari, maana ndivyo alivyomwita yeye hadi mwisho. Alikuwa mhadhiri mrefu, mpole, mwenye tabia ya kusahau chai yake mpaka ifanye utando. Asubuhi alifundisha kumbukumbu na usahaulifu kama wenzake. Mchana alijifungia katika chumba cha mwisho cha ghorofa ya chini, jirani na stoo ya viti vibovu, akitafiti kama mtu anaweza kujua kilichomo akilini mwa mwenzake bila kuona, kusikia wala kuambiwa. Wasomi wanaiita parasaikolojia. Wanafunzi walikiita chumba hicho "kwa mganga", na Daktari wakamwita Daktari Ramli, ingawa si mbele yake. Wahadhiri wenzake hawakumwita chochote. Walipokutana naye kwenye korido walimuuliza hali ya hewa.

Shangazi hakupelekwa pale, aliomba. Kabla ya hapo alikuwa mpiga chapa wa idara, na ilipotangazwa kwamba chumba cha mwisho kinahitaji mtu, wenzake walicheka. Yeye alinyanyua mkono. Alikuwa na sababu ambayo siku hiyo hakuitaja. Miaka miwili nyuma, akiwa sokoni na kapu mkononi, alishikwa ghafla na haja ya kurudi nyumbani. Hakuna aliyemwita, hakuna alichosahau. Aliacha nyanya mezani kwa muuzaji, akarudi mbio, akamkuta mama yake, yaani bibi yangu, ameanguka bafuni na mlango umembana. Hospitali walisema angechelewa nusu saa, habari ingekuwa nyingine.

Kisa hicho alimsimulia Daktari wiki ya kwanza. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akaandika, kisha akauliza, "Mara ngapi umeshikwa na haja kama hiyo, ukarudi, ukamkuta mama amekaa anakunywa chai?"

Shangazi alifikiri. "Nyingi tu. Mimi ni mtu wa wasiwasi."

"Hizo uliziandika?"

"Nani huandika hizo, Daktari?"

"Ndiyo kazi yetu humu ndani," alisema. "Sisi ndio tutakaoziandika hizo."

Shangazi aliniambia kwamba siku hiyo ndipo alipompenda bosi wake. Wengine wote aliowasimulia ama walipiga mikono vifuani wakasema ni miujiza, ama walimwangalia kwa huruma. Huyu alikuwa wa kwanza kumuuliza swali.

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi. Kulikuwa na kadi ishirini na tano zenye michoro mitano: duara, msalaba, mraba, nyota na mawimbi, kila mchoro mara tano. Daktari alikaa chumba cha mwisho na bahasha iliyochaguliwa kwa kurusha dadu. Aliifungua, akatoa kadi moja moja, kila moja akaitazama na kuituma kwa mawazo, kisha akabonyeza swichi. Waya ulipita ukutani mpaka chumba kingine, upande wa pili wa korido, ukawasha taa ndogo ya kijani. Aliyekaa pale, taa ikiwaka, aliandika mchoro uliomjia kichwani. Mtu anayebahatisha tu atapatia kadi tano, pengine nne, pengine sita. Shangazi alikaa katikati ya korido kwenye kiti cha mbao, akizuia watu kupita, na kwa kuwa hakuruhusiwa kusoma wala kuongea, alifuma sweta. Familia nzima tulivaa sweta za korido ile, wenye baridi na wasio na baridi.

Kwa miaka mingi watu walikuja, wanafunzi, walinzi, wauguzi, mke wa mchungaji mmoja, dereva wa gari la maji. Walipatia tano. Daktari aliandika tano, akashukuru, akawapa soda. Kila mwaka aliandika makala kusema kwamba hajapata kitu, akayapeleka kwenye jarida la chama cha wanasaikolojia, na kila mwaka yalirudi. Mara moja yalirudi siku nne tu baada ya kutumwa. Shangazi aliipima bahasha kwa jicho la kazi yake. Gundi yake ilikuwa haijaguswa.

"Hawakufungua," alisema.

"Waliona jina langu nje," Daktari alijibu, akaiweka kabatini.

Mkuu wa idara hakuwa mtu mbaya, na shangazi hakukubali asemwe vibaya. Alikuwa mwanasaikolojia mwenye jina, aliyegundua kwamba watu waliokaa kwenye chumba chenye maua wanasaidia wageni zaidi, na habari hiyo ilikuwa imeandikwa hadi kwenye vitabu vya shule. Siku moja alikuja chumba cha mwisho, akasimama mlangoni bila kuingia, kama mtu anayeogopa kukanyaga sakafu iliyotoka kupigwa deki.

"Mimi sikuchukii, ndugu yangu," alimwambia Daktari. "Nakuomba unielewe. Nikipanda teksi nikasema mimi ni mwanasaikolojia, dereva ananipa kiganja nimsomee. Tumehangaika miaka mingapi kuwaambia watu sisi si wapiga bao? Hospitali ndiyo kwanza wameanza kutuletea wagonjwa. Halafu nikisaini ombi lako la kuanzisha tawi la parasaikolojia kwenye chama, nitakuwa nimemwambia yule dereva kwamba hajakosea."

"Yule dereva anauliza swali," Daktari alisema. "Nani wa kumjibu, kama si sisi?"

"Limeshajibiwa."

"Limejibiwa na nani? Kwa bahasha zipi?"

Mkuu alitikisa kichwa, akamtazama shangazi kana kwamba anaomba msaada, akaondoka. Kweli kila mmoja wao alikuwa na hoja, shangazi alisema, na ndiyo maana hawakuweza kugombana vizuri.

Kisha akaja Mshonaji.

Alikuwa na kibanda cha cherehani nje ya geti la chuo, akishona majoho ya mahafali na kukata suruali za wanafunzi. Alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, mcheshi, aliyezoea kuongea na sindano mdomoni. Alikuja kwa sababu mlinzi alimwambia kuna soda. Siku ya kwanza alipatia nane. Daktari akasema inatokea. Siku ya pili akapatia tisa. Ya tatu, nane. Baada ya miezi mitatu na vikao arobaini, wastani wake ulikuwa haushuki chini ya nane, na Daktari alikuwa ameanza kunywa chai yake ikiwa ya moto.

"Dada, mimi hata sijui ninafanyaje," Mshonaji alimwambia shangazi. "Taa ikiwaka, naona tu kitu kinakuja. Mume wangu anasema sasa hawezi kuniongopea."

Daktari alikagua kila kitu. Alibadilisha bahasha, akabadilisha kadi, akaziba tundu la ufunguo kwa nta, akamwita fundi wa umeme kuukagua waya. Hakuna kilichopatikana. Aliandika matokeo, akayatuma kwa katibu wa chama, na safari hii, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita, jibu lilikuja la kumkaribisha. Angepewa dakika ishirini kwenye mkutano wa mwaka, ukumbi mkuu. Siku hiyohiyo wanachama wangepiga kura juu ya tawi lake. Shangazi alimkuta ameishika barua kwa mikono miwili. Alimpa aisome, kisha akaichukua, kisha akampa tena.

Zilibaki wiki tano.

Sasa, kukaa korido kila siku bila kusoma wala kusema kunachosha. Mchana mmoja, kwa kujifurahisha tu, shangazi alichukua kipande cha karatasi akaanza kubahatisha na yeye. Kila aliposikia swichi ya Daktari ikilia "tik" nyuma ya mlango, aliandika mchoro uliomjia. Kikao kilipokwisha, akaingia kulinganisha orodha kama kawaida, na kwa siri akailinganisha na yake.

Alikuwa amepatia kumi.

Alirudi nyumbani hajui amepita njia ipi. Kesho yake akajaribu tena, akapata tisa. Aliniambia kwamba kwa siku mbili zile alitembea kama mtu aliyeambiwa ana ujauzito. Aliwaza ile siku ya sokoni, nyanya alizoziacha mezani. Aliwaza mama yake amelala bafuni, akimwita bila sauti, na yeye akisikia. Kwa hiyo ilikuwa kweli. Miaka yote ya kuchekwa, na kipaji kilikuwa kimekaa koridoni kikifuma sweta.

Siku ya tatu alikuwa anafuma mgongo wa sweta ya mumewe, mchoro mgumu wa kuhesabu vitanzi. Akahesabu: tik, vitanzi vitano, tik, vitanzi tisa, tik, vitanzi vitano. Mkono wake ukasimama. Akaanza upya, sasa akihesabu kwa makusudi, na kando ya kila kadi akaandika idadi ya vitanzi vilivyopita kabla ya swichi kulia. Kikao kilipokwisha, akaitazama orodha ya kadi. Palipokuwa na nyota, vitanzi vilikuwa tisa au kumi. Palipokuwa na duara, vitanzi vitano, mara moja moja vinne. Mawimbi yalikaa katikati.

Alielewa palepale, na alitamani asingeelewa. Daktari alikuwa anaituma kadi kwa kuufuata mchoro wake kwa macho, ukingo kwa ukingo, ndipo anabonyeza swichi. Duara halina kona. Macho hulizunguka mara moja yakamaliza. Nyota ina kona kumi. Mtu mwenye kawaida ya kufanya jambo kwa uangalifu huichelewesha, tena kila mara kwa muda uleule. Hakuna aliyeona kitu kupitia ukutani. Muda ndio uliopita kwenye waya.

Angeweza kunyamaza. Aliniambia wazi kwamba alilifikiria hilo, akiwa amekaa sebuleni, mumewe akiwa mezani kwake na saa ya mtu imefunguliwa matumbo. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache na utani mwingi.

"Mbona umenuna?" alimuuliza. "Majini yamegoma?"

Shangazi akamweleza kila kitu, pamoja na zile siku mbili za kipaji. Alitegemea atacheka. Hakucheka. Aliweka bisibisi chini.

"Umejaribu bila kusikia?" aliuliza.

"Bado."

"Basi hujui. Kesho ziba masikio."

Kesho yake akaingia koridoni na pamba masikioni, amejifunga kitambaa kichwani mtu asione. Aliiona tu taa ndogo ya juu ya mlango, iliyowaka muda wote wa jaribio, ikizimika kikao kilipoisha. Alikuwa ameandika michoro ishirini na tano kwa kufuata moyo, kwa nguvu zake zote, huku akimwomba Mungu. Alipatia nne.

Alilia chooni, akanawa uso, akaenda kwa Daktari.

"Daktari, nina jambo. Keti kwanza."

"Nimeketi, Mama."

Ni kweli alikuwa ameketi. Shangazi akaziweka mezani karatasi zake zote, akaeleza vitanzi, nyota, duara na pamba. Alieleza akiangalia dirisha. Alipomaliza, akawa anasubiri Daktari amfukuze, au aanze kujitetea kama wanaume wengi wanavyojitetea.

"Pamba yenyewe ulikunja mara ngapi?" Daktari aliuliza.

"Mara mbili."

"Ulikuwa unasikia nyayo za watu?"

"Sikusikia kitu. Mlinzi alinisalimu akadhani nina kiburi."

Daktari akachukua kalamu, akaandika: pamba, mara mbili, nyayo hazisikiki. Akasema, "Tutahitaji kitu kitakachobonyeza swichi badala yangu. Kila baada ya muda uleule."

Kitu hicho alikitengeneza mume wa shangazi kutokana na saa ya ukutani iliyoachwa dukani kwake na mteja aliyehama. Kila baada ya sekunde kumi na mbili kijiti cha shaba kilishuka na kuigusa swichi, Daktari akiwa amemaliza kutuma au hajamaliza. Kilikuwa na kelele kama mtu anayetafuna karanga, ila kilikuwa sahihi. Walifanya vikao kumi. Mshonaji alipatia tano, nne, sita, tano, tano, tatu, sita, nne, saba, tano.

Mshonaji mwenyewe alikuwa wa kwanza kuhisi. "Leo haiji," alisema siku ya kwanza. Siku ya nne alisema, "Mmenifanya nini?" Shangazi akampeleka nje, wakakaa kwenye benchi la kibanda chake cha cherehani.

"Kwa hiyo nilikuwa mwongo?" Mshonaji aliuliza baada ya kuelezwa.

"Hapana, mdogo wangu. Hukumdanganya mtu. Ulisikia muda."

"Sikuhesabu hata mara moja. Naapa."

"Najua. Hata mimi sikuhesabu, na nilipata kumi. Wewe unakaa na cherehani saa ngapi kwa siku? Uzi ukitaka kukatika unajuaje?"

Mshonaji akafikiri. "Sauti inabadilika. Kabla haijabadilika, mguu wangu unakuwa umeshapunguza."

"Mguu wako unajua kabla yako. Basi na taa ni hivyo."

Mshonaji alivuta joho moja jeusi akaanza kufumua ukingo wake, ambao shangazi aliona haukuwa na kasoro yoyote. "Nilikuwa nimeshawaambia watoto," alisema. "Nilikuwa nimewaambia mama yenu ana kitu." Shangazi alikaa naye tu, akamshikia upande wa pili wa kitambaa, mpaka mteja akaja.

Watu wa idara waliposikia, walidhani Daktari atasema anaumwa. Mkuu mwenyewe alimshauri hivyo, kwa nia njema. Daktari alikwenda mkutanoni, na shangazi alikwenda naye kubeba ile saa, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine kuibeba.

Ukumbi ulijaa. Wengi walikuja kucheka, na wengine hata hawakuficha. Daktari alisimama, akaeleza jaribio, akaonyesha nane na tisa za Mshonaji, na kwa dakika kumi ukumbi ulinyamaza kabisa. Kisha akasema, "Haya yote yalitokana na kosa langu. Aliyeligundua ni Mama huyu hapa, kwa kufuma sweta." Akaeleza kosa. Hakumung'unya maneno, hakujipunguzia hata chembe. Vicheko vilianzia nyuma, vikasogea mbele. Mtu mmoja aliiga mlio wa saa. Shangazi alikuwa ameketi safu ya pili na sweta mapajani, akaendelea kufuma.

Zilipofika dakika za maswali, mwanamke mmoja mzee, mtafiti wa usikivu wa muda kutoka chuo kingine, alisimama kwa taabu akishikilia kiti cha mbele.

"Huyu mshonaji," alisema, "alitofautisha vipindi vyenye tofauti ndogo kiasi gani?"

"Kama sekunde moja," Daktari alijibu. "Wakati mwingine chini ya hapo."

"Bila kujua kwamba anafanya hivyo?"

"Bila kujua."

"Na ninyi mnacheka?" yule mama aliwageukia wenzake. "Nimetafuta mtu wa namna hiyo miaka kumi." Akaketi.

Mchana walipiga kura juu ya tawi la parasaikolojia. Waliolikubali walikuwa wanne, mmoja wao Daktari mwenyewe. Waliokataa walikuwa sitini na mmoja. Jioni, katibu wa chama alimfuata Daktari nje, akamwambia jarida lingependa makala juu ya watu kuhisi muda bila kujua, tena mapema.

Makala yale yalichapishwa. Ndiyo pekee ya Daktari yaliyowahi kuchapishwa na jarida lile katika maisha yake yote, na jina la shangazi yangu limo, la pili, baada ya lake. Idara ilifanya sherehe ndogo ya keki. Mkuu alimkumbatia Daktari akasema, "Karibu nyumbani." Daktari alishukuru, akala keki yake, na saa nane mchana akarudi chumba cha mwisho, akawasha ile saa.

"Bado tu?" shangazi alimuuliza. Alikuwa ametegemea, na labda ametamani, kwamba sasa watatafiti namna watu wanavyohisi muda.

"Sasa ndiyo tumeanza," Daktari alisema. "Yale mengine yote yalikuwa na mkono wangu ndani."

Wakaendelea miaka mitatu zaidi, mpaka alipostaafu. Tano, nne, sita, tano. Mshonaji alirudi baada ya muda, lakini si kwa Daktari. Yule mama wa usikivu alimwalika kwenye chuo chake mara mbili kwa mwaka, akapimwa kwa vifaa vya kweli, na jina lake la majaribio likaandikwa kwenye vitabu. Watoto wake waliambiwa upya.

Nililotaka kusimulia lingeweza kuishia hapo, ila miaka miwili baada ya Daktari kustaafu lilitokea jambo lingine. Mhadhiri mmoja kijana alirudia lile jaribio la maua la Mkuu, la vitabu vya shule, na maua hayakuleta tofauti yoyote. Akarudia na watu wengi zaidi. Hakuna kitu. Idara ilitaharuki. Walipochunguza waligundua kwamba zamani wasaidizi waliokuwa wakihesabu nani amesaidia mgeni walijua vizuri nani ametoka chumba cha maua. Hakuna aliyedanganya. Waliona walichotarajia kukiona.

Mkuu alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Alishuka ngazi akaja chumba cha mwisho, ambako shangazi alikuwa amebaki peke yake akiorodhesha vifaa vya kutupwa. Safari hii aliingia, akaketi kwenye kiti cha Daktari.

"Mama Bahasha," alisema, "kule juu hakuna anayejua kuziba kitu. Tumekaa miaka thelathini tunafanya utafiti kwa bahasha wazi. Utatufundisha?"

Shangazi alimtazama. Alikiri kwangu kwamba alikuwa na maneno matatu manne makali aliyoyatunza kwa muda mrefu, kwa ajili ya siku kama ile. Lakini yule mtu alikuwa amechoka, tai yake imepinda, na alikuwa ameshuka ngazi kwa miguu yake mwenyewe.

"Nitahitaji lakiri," shangazi alisema. "Iliyopo imekauka. Na dadu, za kwetu zimelika pembe."

Tangu hapo mpaka alipostaafu alikuwa na ofisi ghorofa ya pili, na hakuna mhadhiri aliyeanza jaribio kabla hajaandika kwanza anategemea kupata nini, akaifunga karatasi hiyo kwenye bahasha na kumkabidhi. Wapya walidhani utaratibu huo umetoka ng'ambo. Shangazi aliwaambia umetoka wapi, na wengi walicheka, wakidhani anatania.

Daktari alifariki mwaka jana, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa kitandani kwake. Shangazi alikwenda mazishini na mumewe. Mwezi uliofuata gazeti la chama cha wanasaikolojia lilitoa tangazo la mistari minne. Lilimtaja kuwa mwalimu wa kumbukumbu na mwandishi wa makala muhimu juu ya usikivu wa muda. Juu ya chumba cha mwisho halikusema neno.

Shangazi alinipigia simu, akaniambia nije na kompyuta. Alinisomea barua ya kurasa tatu kwenda kwa mhariri, nikaichapa, tukaituma. Mhariri alijibu kwa adabu kwamba nafasi ni ndogo, lakini wangeongeza sentensi moja, iwapo Mama angeweza kuyasema yote kwa sentensi moja. Ilimchukua siku tisa. Alinipigia simu mara ngapi sijui, ondoa hili, rudisha lile. Neno "alishindwa" aliliweka, akaliondoa, akasema si kweli na pia si uongo, na mwishowe akaliacha nje. Sentensi aliyoituma ilikuwa hii:

"Kwa miaka kumi na tisa alichunguza iwapo akili ya mtu inaweza kuifikia ya mwenzake bila njia yoyote tunayoijua, hakupata ushahidi, na kila mwaka aliandika kwamba hakupata."

Waliichapisha ukurasa wa mwisho, chini ya tangazo la ada za uanachama. Shangazi aliisoma mara mbili kwa sauti, mumewe akisikiliza kutoka mezani kwake, akaikata kwa mkasi na kumpelekea mjane wa Daktari siku hiyohiyo.